Betrayal in the City imerudi jukwaani Kisumu: mbona ukumbi ulicheka pale kaburini?

#1 NyaKajulu
Hamjambo wadau. Jumamosi nilienda kuona Betrayal in the City, ile tamthilia ya Francis Imbuga, kuna kikundi cha vijana hapa Kisumu wameirudisha, walifanyia kwa ukumbi wa kanisa moja Milimani, kiingilio mia tatu. Nilienda na mamangu. Kilichonileta hapa ni ile sini ya kwanza kabisa. Mnaikumbuka, Doga na Nina wako kwa kaburi la kijana wao Adika, yule mwanafunzi alipigwa risasi kwa maandamano, na wazee wawili wanagundua kuna mtu amekuja kujaribu kuchoma kaburi la mtoto wao. Mama mwigizaji alikuwa ameshika karai ya maji na wembe umefungwa kwa kipande cha gazeti, ya ile shughuli ya kunyoa wafiwa. Na watu wakacheka. Si mtu mmoja wawili, ukumbi mzima, mpaka yule mama ikabidi angoje kicheko kiishe ndio aendelee kusema.

Mamangu akanishika mkono akaniuliza polepole, "Nyathina (mwanangu), hawa wanacheka nini?" Nikakosa jibu, na mpaka leo sijalala vizuri nikifikiria hiyo swali. Najua tamthilia ina vichekesho vyake, yule mwanajeshi Mulili yuko, yule afisa mla rushwa Tumbo yuko, hiyo sina shida nayo. Lakini kaburini? Wenye mliona, na wenye mnaelewa mambo ya steji, nisaidieni.

#2 Dogo_wa_2015
Hiyo ni setibuku tu dada, kitabu cha mtihani shuleni. Mimi nilifanya KCSE 2015 na tuliisoma mpaka ikaisha jalada. Darasani kwetu hakuna mtu alikuwa anaisoma kama msiba, kila mtu alikuwa na mtu anamuigiza, kulikuwa na Mulili watatu na Jusper mmoja, yule ndugu ya Adika wanamuita mwendawazimu, ambaye kusema kweli alikuwa amekaa Jusper hata kabla ya kitabu. Sasa ukiweka watu kama sisi mia mbili kwa ukumbi mmoja, pazia ikifunguka tu tunacheka, hatucheki kaburi, tunacheka kwa sababu tumekumbuka bweni na prepu na mwalimu alikuwa anasoma sauti zote peke yake.

#3 Bondeni_Nax
Niko Nakuru, na ninaongea kama mtu amefanya hii kazi. Nilikuwa kwa kikundi cha kuzungusha setibuku mashuleni, misimu miwili nikicheza Mulili. Unafika shule asubuhi, wanafunzi wamejazwa kwa daining mpaka madirishani, shule zingine tatu zimekuja na basi, meza zimesukumwa kando, maikrofoni ni moja na inapiga kelele. Unajua sini ya kaburi inakufa mbele ya watoto mia sita kama hakuna mtu anaweza kusikia? Tulikuwa tunaikata. Ile inabaki tunaiwekea utundu, Doga anakohoa vibaya, Nina anamfinya, watoto wanaamka. Hivyo ndivyo tulikula. Kuna shule moja hata haikutulipa mpaka leo, tulirudi na matatu ya deni, lakini hiyo ni hadithi ingine.

Ninachosema ni kwamba sisi wenyewe ndio tulifundisha kizazi kizima kucheka hapo. Hao waliocheka Jumamosi wengi wao waliionea mashuleni kwa vikundi kama chetu. Inaniuma kidogo kusema hivyo.

#4 Omwana_wa_Chavakali
Kwanza heshima kwa Imbuga, mtu wetu wa Maragoli, pale Vihiga, na vijana wengi wanasoma bila kujua. Na hata ile nchi ya kwenye mchezo, Kafira, panga herufi za AFRIKA upya uone unapata nini.

Lakini mimi pia nilikuwa huko Jumamosi, nilitoka Mbale na matatu ya saa sita, na mimi kilichonichoma si kaburi, ni Mulili. Kwa nini Mulili amepewa lafudhi ya Kiluhya nzito hivyo, kila b imekuwa p, kila g imekuwa k? Kwa kitabu Mulili anaongea kizungu kilichovunjika, ndio, lakini hajaandikwa ni wa kabila gani, na hiyo ndiyo maana ya Kafira, ni pote. Kila shoo nchi hii mtu wa kuchekwa lazima awe Mluhya mlinzi au Mluhya mpishi. Watu wakaanza kucheka tangu wale wanajeshi wawili waingie na hawakuacha tena.

#5 Ziwani_Boy
Omwana, pole, lakini hapo umeruka. Jere na Mulili wanaingia baadaye. NyaKajulu anauliza juu ya kicheko cha kabla yao, wazee wakiwa peke yao. Hata hivyo nakubali lafudhi ilizidi. Na nyinyi mashabiki wa Ingwe, AFC Leopards, mkipigwa mpira na Gor Mahia mnalia hivyo hivyo kila kitu ni njama.

#6 Omwana_wa_Chavakali
@Ziwani Gor imeingiaje hapa bana. Sawa mpangilio wa sini nimekubali. Lafudhi sijakubali.

#7 Kibuye_Sokoni
Si hii tamthilia iliandikwa baada ya lile jaribio la mapinduzi la 1982? Ndio maana kuna jeshi na Boss, yule rais wao, na hayo yote. Mwishoni Boss anapigwa risasi, watu wanafurahi, imeisha. Ni komedi. Sioni shida watu wakicheka komedi.

#8 Mwalimu_Mstaafu
Kibuye, kijana wangu, hapana, mara mbili. Kitabu kilitoka 1976, miaka sita kabla ya hayo mapinduzi. Na Boss hafi. Wafungwa wanaandaliwa kuigiza mchezo mbele ya rais mgeni, kwenye mazoezi bunduki inakuwa ya kweli, Boss anawekwa chini ya ulinzi, na Mulili, binamu yake mwenyewe, ndiye anamgeuka na kusema auawe. Jusper anampiga risasi Mulili. Boss anabaki hai, mpaka Imbuga akamwandikia tamthilia nyingine, Man of Kafira, ambamo Boss yuko uhamishoni. Nimefundisha hicho kitabu kwa awamu mbili tofauti, kwa hivyo hapo sitanii.

Tena mjue jambo hili. Hiyo ndiyo tamthilia ambayo Kenya ilipeleka FESTAC, lile tamasha la sanaa za watu weusi kule Lagos, mwanzoni mwa 1977, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi. Fikirini. Waziri Tom Mboya ameuawa 1969, mbunge J.M. Kariuki ameuawa 1975, na mwaka mmoja baadaye mtu anaandika juu ya kijana aliyeuawa na wazazi wanaokatazwa hata kumfanyia matanga, na kazi hiyo inapanda ndege kuwakilisha taifa. Imepitaje? Mimi naamini ilipita kwa sababu ya kicheko. Kicheko ndicho kilikuwa kitambulisho chake pale mlangoni. Imbuga alijua ukimchekesha askari wa mlango, hapekui mfuko. Kwa hivyo dada yetu, kicheko kimo ndani ya maandishi yenyewe, hata pale kaburini. Someni tena vile Doga na Nina wanavyobishana. Ni mume na mke wa miaka mingi, wanakwaruzana katikati ya msiba.

#9 NyaKajulu
Asante mwalimu. Hapo kwa kukwaruzana nimekuelewa. Lakini hao watu hawakucheka wakati wanabishana, walicheka mama akiwa amesimama tu na karai. Kimya. Hajasema neno.

#10 MamaPacha_Kakamega
Wee NyaKajulu, kwani wewe hujawahi kwenda matanga ya huku kwetu? Mimi nilizika babangu mwaka juzi. Usiku wa kukesha isukuti inapigwa mpaka moyo unaruka, mjomba mmoja akavaa koti la marehemu na kofia yake na akashika fimbo vile mzee alikuwa anashika, akatembea hapo mbele ya jeneza akikemea watoto kwa sauti ya babangu kabisa, kabisa, hata ile ya kusafisha koo kabla ya kutoa matusi. Tulicheka tukaanguka. Mamangu, mjane wa siku tatu, alicheka mpaka akafunika uso na leso, na chini ya hiyo leso sijui alikuwa analia ama anacheka, sikuuliza. Asubuhi tukazika.

Kwa hivyo mimi nasema watu wa huku wakiona kaburi na karai na wembe wanajua wako wapi. Wako matangani. Na matangani watu hucheka. Mtu wa kushangaa ni yule amezoea misiba ya mjini ya masaa mawili na programu imechapishwa.

#11 NyaKajulu
Mama, mimi ni wa Kajulu, matanga nazijua, pakruok zile za kujisifu kwa majigambo nazijua, tero buru nimeona kwa macho nikiwa mdogo, ng'ombe na watu wanakimbiza kifo mpaka mpakani. Lakini hapo tunacheka *na* marehemu. Jumamosi nilihisi ni kama tunacheka *juu ya* huyo mama. Hiyo ndiyo tofauti inanisumbua na sijui kuieleza vizuri.

#12 Dogo_wa_2015
Narudi. Nimefikiria tena na nafuta nusu ya ile nilisema #2. Kuna kitu sikusema. Juni 2024 nilikuwa barabarani kwa maandamano hapa mjini, sitaki kuongea sana. Tangu hiyo siku mimi na marafiki wangu tunacheka vitu vibaya. Mtu akitupiwa kitoa machozi tunatengeneza memu kabla macho hayajaacha kuwasha. Mtu akiandikwa amekufa mahali kuna mtu ataandika kitu cha kuchekesha na wote tutaweka vile vikatuni vya kucheka, na ni mtu tulikuwa tunamjua. Si roho mbaya. Ni kwamba ukianza kulia hiyo kitu utaanzia wapi.

Sasa Jumamosi pazia inafunguka na kitu cha kwanza tunaonyeshwa ni mwanafunzi alipigwa risasi kwa maandamano na wazazi wake hawaruhusiwi kumlilia. Imeandikwa 1976. Elfu moja mia tisa sabini na sita. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walicheka, dada. Ilinitoka. Nisamehe wewe na mamako.

#13 NyaKajulu
Hakuna cha kusamehe ndugu yangu. Nimesoma hii mara tatu.

#14 Mwalimu_Mstaafu
Kijana, nimekusikia. Acha na mimi niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Tarehe 25 Oktoba 1969 nilikuwa na miaka tisa. Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali, hii tunaita Russia mpaka leo. Nilikuwa kwenye umati na babangu mdogo. Risasi zilipoanza alinibeba mgongoni kama gunia, akakata mashambani. Tulifika nyumbani usiku, yeye ana kiatu kimoja. Watu wamejaa nyumbani, wanawake wanalia, hatujui nani amerudi na nani hajarudi. Na baba mdogo akaanza kueleza vile alikimbia. Akaigiza. Akaonyesha vile alirudi hatua mbili kuokota kiatu, akasikia mlio, akakiambia kiatu kwaheri kwa Kidholuo kizuri sana cha heshima, kama mtu anaaga mkwe. Nyumba nzima ikacheka. Nyanya yangu alicheka na papo hapo akaanza kulia kwa sauti ambayo bado naisikia nikiandika hapa. Kiatu kile kimoja kilikaa juu ya kabati miaka.

Ndiyo sababu Jumamosi sikushtuka pale kaburini. Mimi nilishtuka mahali pengine. Pale Mulili anapoleta habari kwamba Kabito, mwenzake kwenye kamati ya kumpokea mgeni, amekufa kwa ajali ya gari, na sote tumeshaona alivyomchongea kwa Boss kwa sababu ya ile tenda ya maziwa ya chuo kikuu. Vijana walicheka sana hapo. Sisi wazee safu ya nyuma hakuna aliyecheka. Argwings-Kodhek, mbunge wetu wa Gem na waziri, Januari 1969, tuliambiwa ni ajali ya gari. Ronald Ngala, Desemba 1972, ajali, tena wakatuambia ni nyuki waliingia garini. Askofu Muge, Agosti 1990, ajali tena, baada ya kuonywa na waziri hadharani asikanyage Busia. Mtu aliyeishi na maneno hayo, "ajali ya gari", hawezi kucheka kabla hajageuka kuangalia mlango.

#15 Ziwani_Boy
Mwalimu umeninyamazisha. Sikuwa najua hiyo ya nyuki.

#16 Kibuye_Sokoni
Nimekubali masahihisho ya mwalimu. Nimekosea na kwa sauti kubwa. Lakini bado nasema kwenye bango waliandika komedi. Wewe ukiniambia komedi nikalipa mia tatu, nitacheka ya mia tatu. Wangeandika ni msiba ningekuja na leso.

#17 Nesi_Majuu
Salamu kutoka Uingereza, niko huku kikazi, kwetu ni Siaya. 2023 rafiki wa kazini alinipeleka West End, Theatre Royal Haymarket, walikuwa wamerudisha tamthilia ya Dario Fo, yule Mwitaliano wa Nobeli ya 1997, Accidental Death of an Anarchist. Hiyo ya kwake ilitoka 1970 na chanzo chake ni kisa cha kweli: Giuseppe Pinelli, mfanyakazi wa reli, alianguka kutoka dirisha la makao ya polisi Milan, Desemba 1969, akiwa anahojiwa. Kwa mchezo kuna mwendawazimu anaingia kituo cha polisi, anajifanya jaji, anawafanya maafisa waeleze tena na tena mtu alirukaje, na kila maelezo yanazidi kuwa ya ajabu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikiwa kwa treni kurudi nyumbani nikakumbuka watu wa kwetu waliopatikana wamekufa seli asubuhi, nikashindwa kuongea na mwenzangu mpaka tukashuka.

Sasa linganisheni. Huyo ana mwendawazimu, Imbuga ana Jusper mwendawazimu. Wote wawili wamempa kichaa ukweli ashike. Mimi nafikiri kucheka si shida, shida ni kama ulirudi nyumbani ukiwa bado unacheka.

#18 Bondeni_Nax
@Nesi hapo mwisho nakupinga. Hatuwezi kuwapima watu na kile walifanya kwa matatu wakirudi. Kazi ni ya jukwaa. Kama sini haikushika, haikushika, mwelekezi akae chini aitengeneze upya. Taa zilikuwaje? Nina alisimama wapi? Hiyo ndiyo ningetaka kujua.

#19 MtuWaPazia
Nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Niko kwa hicho kikundi, nafanya taa na vifaa, jina niwachieni. Bondeni, taa ilikuwa mbili tu za njano, ya tatu iliungua Ijumaa. Kaburi lilikuwa magunia ya mchanga yamefunikwa na udongo mwekundu halisi tulitoa Riat. Mwelekezi alitaka hapo watu wacheke kidogo, aliwaambia waigizaji wazi wazi, alisema kicheko kije kwanza ndio kikwame kooni baadaye. Mama Nina hakutaka. Walibishana juu ya hiyo sini wiki mbili. Yeye alizika kijana wake, ananiambia hawezi kuchekesha na karai. Kwa hivyo alicheza vile alitaka, kavu kabisa, na watu wakacheka kuliko mwelekezi alivyoomba. Nyuma ya pazia mwelekezi alifurahi na huyo mama alikaa kwa kreti ya soda bila kusema kitu.

Omwana, ile lafudhi imepunguzwa. Ilijadiliwa.

#20 Omwana_wa_Chavakali
Asante sana, hiyo nashukuru. Mfikishie Mama Nina pole zetu.

#21 Safu_ya_Mbele
Nyinyi mmeongea falsafa yote, kwani hakuna mtu alikaa mbele? Karai! Ile karai ilikuwa ya kampeni. Ile ya plastiki ya kijani yenye walikuwa wanapeana uchaguzi uliopita, picha ya mheshimiwa iko ubavuni anatabasamu na vidole juu. Mama akageuka akakaa na huzuni yake yote na mheshimiwa anatutabasamia kutoka kwa karai ya matanga. Safu yetu ndio ilianza kucheka. Mimi nilidhani ni makusudi na nikasema hawa vijana ni hatari, wamepiga ndege wawili.

#22 MtuWaPazia
...Karai niliazima mimi, kwa mlinzi wa ukumbi, dakika ishirini kabla. Yetu ilipasuka kwa pikipiki. Sikuangalia ubavuni. Ninaapa hakuna mtu kwa kikundi alijua.

#23 Dogo_wa_2015
Mimi nilikuwa katikati, mahali nguzo iko. Sikuona picha yoyote. Nilicheka kabla hata sijaona ameshika nini.

#24 Bondeni_Nax
Na mashuleni karai yetu ilikuwa ya bati, haina picha, na walicheka hapo hapo kila mahali kuanzia Molo mpaka Bungoma. Karai haielezi hiyo.

#25 MamaPacha_Kakamega
Lakini huko si nyinyi mlikuwa mnamfinya Doga? Umesema mwenyewe #3.

#26 Bondeni_Nax
Kweli. Hapo umenishika.

#27 NyaKajulu
Narudi na habari. Jana Jumapili nilirudi na mamangu, yeye ndiye aliomba, mimi sikuwa nataka. Tulikaa safu ya pili. Karai ilikuwa ya bati. Mama Nina akasimama na ule wembe wa gazeti, na ukumbi ukanyamaza kabisa mpaka feni ya juu ndio inasikika. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo shosho ananyoa nani?" na babake akamfunika mdomo. Hakuna aliyecheka.

Lakini pale Tumbo anampa Jusper pesa kidogo za lile shindano la kuandika ambalo halikuwepo, na nyingine anazitia mfukoni, mamangu alicheka mpaka akanipiga begani. Alicheka karibu peke yake, watu wanageuka kumwangalia. Mama aliuza mboga soko la serikali miaka ishirini, ameona risiti za kila rangi. Kwa matatu nikamuuliza amecheka nini. Akasema, "Huyo namjua."

#28 Mwalimu_Mstaafu
Msalimie sana mama. Na pale kwa Kabito, jana ilikuwaje?

#29 NyaKajulu
Walicheka, mwalimu. Mama hakucheka.

#30 Ziwani_Boy
Jumapili watu walikuwa wangapi? Isiwe ni ukumbi nusu, watu wachache wanaogopa kucheka.

#31 MtuWaPazia
Kama tisini hivi. Jumamosi ilikuwa mia mbili na kitu. Na Jumapili wengi walikuwa wametoka kanisani, hiyo pia sijui kama inahesabika. Wiki ijayo tunaenda Kakamega, karai ya bati ninaibeba mwenyewe kwa mapaja. Mama Nina amesema atakuja.